Mkalimani wa Pasta Venuste

Jumapili, 1 Juni 2025

Sauti imeniisha. Tangu asubuhi nimesimama kando ya Pasta Venuste, yeye Kirundi, mimi Kiswahili. Anasema sentensi moja, ananiachia. Nasema, namrudishia. Kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja – ukikosea wakati, unagonga mkono wa mwenzako.

Leo alihubiri juu ya watu wa zamani walioogopa kusikia sauti ya Mungu. Wakamtuma mtu mmoja apande mlimani, asikie kwa niaba yao, ashuke na maneno. Pasta akasema mchungaji ndiye mtu huyo. Mungu yuko juu, ninyi mko chini, mimi niko katikati. Nikatafsiri hivyo hivyo. Wakongomani wote wakaitika amina. Mimi nikawaza: na katikati ya Pasta na hawa watu, yuko nani? Nikajizuia kucheka.

Kisha ikafika saa ya unabii. Akafunga macho. Akasema Mungu anamwonyesha mama mmoja, mtoto wake amevimba shavu, na mama huyo ana ugomvi na jirani juu ya mpaka wa shamba. Nikatafsiri. Pélagie akaanguka chini analia. Makofi, vigelegele, ngoma.

Mimi sikupiga makofi. Alhamisi Pélagie alikuja kwenye chumba cha maombi, kile cha nyuma ya kanisa. Tulikuwa sisi watatu tu. Yeye ni wa Fizi, Kongo, Kirundi hajui hata salamu. Habari ya shavu la mtoto wake Marthe, habari ya jirani na mpaka, yote aliisema kwa Kiswahili. Na Pasta, alipofika hapa kambini Nakivale mwaka jana, alisema wazi kwamba Kiswahili hakijui, amekulia milimani Ruyigi, Burundi. Sasa ni nani aliyempa habari hizo kwa Kirundi? Ni mimi. Mungu anamwonyesha Jumapili kitu nilichomwambia mimi Alhamisi?

Nilimweleza Elisée. Mume wangu ni Mkatoliki, hasali kwetu. Alikuwa anaziba tairi ya baiskeli ya mtu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Na wewe ulitaka amuulize nani mwingine?"


Alhamisi, 5 Juni

Watu wengi leo chumba cha maombi. Vumbi limeingia hadi ndani, shitingi ya ukutani, turubai letu la msaada, imechanika upande wa ziwani.

Wa mwisho alikuwa Kalume, yule wa Uvira anayeuza makaa hapa Misiera. Mwili mkubwa, macho mekundu. Alisema anaomba maombi juu ya usingizi. Usiku halali. Akilala kidogo anashtuka. Nikamweleza Pasta.

Halafu Kalume akaanza kusema na mimi. Polepole, anaangalia chini.

"Mama Mariette, hii usimuambie Pasta. Ni yako na yangu. Siku ile tulikimbia, mama yangu hakuweza kutembea tena. Nilimuwekea maji na bugali pembeni. Nikafunga mulango kwa inje, ili bale batu bafikiri nyumba haina muntu. Nilisema nitarudia. Sikurudi."

Pasta alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea mkanda wa saa yake. Akaniuliza kwa Kirundi: amesema nini, mbona amesema kwa muda mrefu?

Nikasema anaeleza tu jinsi usingizi unavyomsumbua. Kiswahili chetu kina maneno mengi.

Pasta akatabasamu kidogo. Akamwekea Kalume mkono kichwani.


Jumapili, 8 Juni

Naandika nikiwa bado na nguo za kanisani.

Saa ya unabii Pasta alifunga macho. Akasema: Mungu ananionyesha mwanamume. Yuko humu ndani. Alimfungia mama yake mlango akaenda zake. Mama alimwita kwa jina, yeye akatembea.

Kipaza sauti kikarudi kwangu. Watu wananingoja. Ilibidi niseme, na nikasema, neno kwa neno. Sikuthubutu kumtazama Kalume, lakini nilimwona. Yeye hakuwa anamtazama Pasta. Alikuwa ananitazama mimi.

Pasta akaendelea. Mungu anasema: huyo mama amekwisha kufika nyumbani kwangu, hana neno na mwanawe, alale. Nikatafsiri na hayo. Kalume akafunika uso na kofia yake, mabega yakacheza.

Nje alinifikia karibu na bomba la maji.

"Umeniuzisha."

"Kalume, naapa, sikumwambia."

"Tulikuwa batatu mu kile chumba. Pasta hasikie Kiswahili. Nani basi?"

Sasa nimekaa hapa najiuliza mwenyewe. Sikumwambia. Hakuna mwingine aliyejua. Basi ni Mungu. Kama ni Mungu, mimi nilimshuku bure mtumishi wake wiki nzima, na yeye labda anajua kwamba nilimshuku. Hata sasa ninavyoandika.

Tena hilo la kumwita kwa jina. Kalume hakunisimulia hilo.


Jumanne, 10 Juni

Nimeshinda na beseni la ndagala, dagaa ninazouza, kutoka asubuhi. Wakongomani wanapita upande wa pili wa njia. Waliosimama ni Warundi na Wasomali tu. Mama mmoja tuliyeimba naye kwaya aliniambia waziwazi: mdomo wako uchunge, hata vitumbua huwekewa kifuniko.

Kwa hiyo Pasta ni nabii na mimi ni mmbeya. Tumegawana hivyo.


Alhamisi, 12 Juni

Lazima niandike hili kabla halijageuka kichwani.

Pélagie alikuja na Marthe. Sikuwa nimemwona mtoto kwa muda wa wiki moja. Taya limejaa upande mmoja kama mtu amefichia yai ndani ya shavu. Meno ya upande huo yanalegea. Alikuwa na kikombe cha uji, anaunyonya pembeni, mwingine unamwagikia kifuani, na yeye anaufuta kwa mkono akiona haya. Miaka sita.

Kituo cha afya wamemwambia Pélagie amfikishe mtoto hospitali kubwa ya Mbarara, haraka. Ameogopa.

"Banasema kule banakata mutoto uso," akaniambia. "Mama Mariette, miye nitafanya tu ile Mungu anasema. Uliza Pasta. Akisema niende, naenda. Akisema nibaki, nabaki."

Nikamwuliza Pasta. Alifunga macho muda mrefu. Kisha akasema kwa Kirundi, sauti yake ya jukwaani kabisa: ugonjwa huu umetupwa na jirani. Mama afunge kula na kunywa siku tatu. Amfunge mtoto kitambaa cheupe kilichoombewa. Asimpeleke Mbarara, kisu cha daktari kitaamsha kitu kilicholala.

Akaniachia. Zamu yangu.

Nilitazama uji kwenye kifua cha mtoto. Nikasema:

"Mungu anasema umpeleke Mbarara. Kesho. Usimwogope mtu."

Niliyasikia maneno yakitoka, kama mtu mwingine ndiye aliyeyasema. Pélagie akapiga magoti. "Asante Yesu. Asante Pasta." Akaushika mkono wa Pasta, akauweka kwenye paji la uso wake.

Pasta hakushangaa. Alimgusa Marthe kichwani, akasema amina. Halafu akaongeza neno moja la Kirundi: asikawie.

Asikawie kufunga, alitaka kusema. Nadhani. Nami nikatafsiri: "Usichelewe."

Nimemdanganya Pasta. Au nimemdanganya Pélagie. Au Mungu. Kama Mungu kweli anampa Pasta maneno, nimeyashika njiani nikayatupa. Elisée nimemweleza yote. Safari hii aliinua kichwa. Akasema, "Nenda naye Mbarara. Atahitaji mtu wa kusema na madaktari." Basi. Hilo tu.


Jumamosi, 14 Juni – Mbarara

Tumefika. Tumelala mtaa wa Nyamitanga kwa Libérate. Ni Mrundi, alikuwa jirani yetu kule kambini kabla hajahamia mjini. Anafua nguo za watu. Nyumba ni chumba kimoja, ametupa kitanda, yeye kalala chini, hakutaka mabishano.

Hospitali tulikaa kwenye benchi hadi mchana. Nesi mmoja wa hapa, mama mnene mwenye miwani, alimtazama Marthe mdomoni na taa ndogo. Akaita daktari. Wakasemezana Kinyankole. Kisha akaturudia na Kiswahili chake:

"Mama, hii ugonjwa inakimbia sana. Lakini dawa yake pia inakimbia. Nani alikutuma hapa?"

Pélagie akajibu, na uso wake ulikuwa unang'aa: "Mungu."

Nesi akanitazama. Nikamwambia, "Kituo cha afya."


Ijumaa, 20 Juni – Mbarara

Wamechukua kinyama kidogo, wamepima, wameanza dawa. Hakuna kukata uso. Marthe anatapika, amelala, anaamka anauliza kama kuku wake amepewa maji. Pélagie hamwachi. Anaimba chinichini nyimbo za kanisani. Kila nesi akipita anamwambia habari za Pasta Venuste.

Jioni nikiwa namsaidia Libérate kuanua nguo, nilimsimulia kidogo. Si yote. Nilitaja jina la Pasta tu. Akasimama na shuka mikononi.

"Venuste yupi? Mrefu, ana saa kubwa? Huyo anakuja hapa mjini, Makenke, kila Jumanne. Anamwombea mke wa mwanajeshi mmoja ninayemfulia."

"Nani anamtafsiria?"

"Kutafsiri nini?"

"Mama huyo anajua Kirundi?"

Libérate akacheka. "Yule? Ni mtu wa kaskazini huko, Kirundi akitoe wapi. Wanasemezana Kiswahili. Pasta wenu ana Kiswahili kizuri kuliko chako na changu."

Nimemwambia amekosea mtu. Amesema labda. Amesema Jumanne anapeleka nguo, nikitaka nimsindikize.

Sitaki. Nitaenda.


Jumanne, 24 Juni – Mbarara

Nimemwona.

Nyumba ni za wapangaji, hazina umbali na kambi ya jeshi. Uani kuna kamba za nguo, magwanda yameanikwa, mashuka. Libérate alipita mbele na beseni lake. Mimi nilibaki nyuma ya shuka, kama mwizi.

Pasta alikuwa amekaa kwenye kigoda, shati la mikono mifupi, mguu juu ya mguu. Sijawahi kumwona amekaa hivyo. Mama mwenye nyumba anapepeta mchele. Na Pasta anasema – Kiswahili. Si cha kuokoteza. Kiswahili kilichonyooka, kile cha Tanzania, chenye adabu zake zote.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nimemwombea mumeo alfajiri ya leo. Kule aliko yuko salama. Nimeoneshwa kwamba atapiga simu kabla mwezi haujaisha."

Mama akasema, "Lakini Pasta, hii roho yangu inakataa kutulia. Ile siku alienda, tuligombana. Hata sijaambia mtu."

"Mungu anajua," Pasta akasema. "Endelea, mama. Sema yote."

Na yule mama akasema yote, na mchele ukabaki kwenye ungo.

Nilirudi hadi Nyamitanga kwa miguu. Sikupanda boda. Njia nzima nilikuwa narudisha siku nyuma, moja moja. Kalume na mlango. "Mbona amesema kwa muda mrefu?" – aliuliza mtu aliyekwisha kusikia. Wale mama wote walioniambia hili mwambie, hili usimwambie. Wote walisema mbele yake. Nilikuwa kama pazia la sebuleni, watu wanajificha nyuma yake na kumbe linaonyesha.

Nilipofika darajani, juu ya mto Rwizi, ndipo likanipata lile lingine. Nikasimama.

Siku ya Marthe. Nilisema Mbarara, na yeye alisikia. Alisikia kila neno. Akasema amina.


Alhamisi, 3 Julai

Tumerudi Nakivale. Taya la Marthe limeshuka, si lote, ila mtoto anatafuna. Amekula muhindi wa kuchoma ndani ya gari, akatutupia maganda miguuni. Watarudi Mbarara kila baada ya majuma machache, kwa miezi. Daktari amesisitiza sana: wakiacha katikati, uvimbe utarudi, na ukirudi hauna huruma. Nimemweleza Pélagie maneno hayo mara mbili. Akasema asihofu mtu, Mungu ndiye aliyeagiza.

Jumapili anataka kutoa ushuhuda. Kila anayemkuta njiani anamsimulia. Watu waliokuwa wananikwepa sasa wananisalimu, sababu nilikuwa naye.


Jumamosi, 5 Julai

Pasta alituma niitwe. Nilimkuta nyuma ya kanisa anashona kiti cha plastiki kwa waya. Alinisalimu kwa Kirundi, akauliza habari ya mtoto.

Nilijibu kwa Kiswahili. "Mtoto hajambo. Makenke nako hawajambo?"

Waya ukasimama. Halafu ukaendelea.

"Ulinifuata," akasema, bado kwa Kirundi.

"Nilifuata nguo za Libérate."

Akatazama upande wa njia kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Akageuza lugha ikawa Kiswahili, kama anavyogeuza mtu shati.

"Nilikulia kambini Kigoma. Nimesoma huko mpaka darasa la saba. Ruyigi nilizaliwa tu."

"Kwa nini unaficha?"

"Watu husema kweli mbele ya mtu wanayedhani hasikii. Wewe mwenyewe. Ungejua nasikia, ungenificha habari ya Kalume?"

"Ilikuwa siri yake."

"Ilikuwa inamuua. Umemwona macho? Aliileta ndani ya chumba changu na kuiweka mezani, halafu wewe ukaifunika. Mungu hakuifunika."

"Si Mungu, Pasta. Ni masikio yako."

"Na masikio nilipewa na nani?"

Nilitaka kuondoka. Kila nililosema alikuwa na mahali pa kuliweka. Lakini nilikuwa sijauliza la kwangu.

"Siku ya Marthe. Ulisikia nilivyosema."

"Nilisikia."

"Mbona hukunizuia?"

Alikaza kwanza waya kwa meno.

"Mwanzoni kabisa, nilipoanza kuhubiri huko Kigoma, nilimtuma mama mmoja hospitali na mwanawe. Mtoto alifia huko. Kanisa zima likasema Pasta hana nguvu, amemtuma mtoto kufa. Nilihama. Tangu hapo nikisema funga na omba, mtoto akifa, watu wanasema Mungu amemchukua wake. Hakuna anayehama." Akanitazama. "Ukasema wewe nilichoshindwa kusema mimi. Nikaitika amina. Hukusikia nikisema asikawie?"

Sijui. Mpaka sasa sijui. Inawezekana ni kweli, na alikuwa mtu aliyechoka kuogopa, akaniachia mlango wazi. Inawezekana pia alipima tu: mtoto akipona, ni neno la Pasta. Akifa, ni mkalimani aliyebadilisha. Pande zote mbili yeye amesimama pakavu. Na hadithi ya Kigoma, nitamwuliza nani?

"Kesho nitasema," nikamwambia. "Kipaza sauti nitakuwa nacho mimi."

"Sema." Hakupandisha sauti. "Lakini Pélagie bado ana safari nyingi za Mbarara. Anakwenda sababu Mungu amemwambia. Akisikia kwamba aliyemwambia ni Mama Mariette muuza ndagala, atarudi huko mara ya pili?"

Akanipa kiti nijaribu kukalia. Kilikuwa imara.


Jumapili, 6 Julai

Kanisa lilijaa hadi nje. Pélagie alimsimamisha Marthe juu ya benchi ili wote waone shavu. Alisema kwa Kiswahili, mimi nikaweka kwa Kirundi, kwa ajili ya Warundi. Kwa ajili ya Pasta pia, aliyekaa mbele ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kutafsiriwa.

"Nilikuya hapa na woga. Mungu akasema kupitia Pasta: muende Mbarara. Kama si Pasta, mutoto yangu angekuwa mu udongo."

Kipaza sauti kilikuwa na joto mkononi. Marthe alikuwa anacheza na kitufe cha gauni lake, ananitazama.

Nikatafsiri. Yote. Kupitia Pasta, nikasema.

Pasta akasimama, akanyoosha mikono. Vigelegele. Mama mmoja alinikumbatia hadi kilemba kikanidondoka.

Sitalala na njaa leo, nimeletewa mihogo na maharagwe na watu wasiopungua nusu ya kanisa. Elisée amekula. Mimi mate yamekuwa machungu.


Jumatatu, 7 Julai

Angalau Kalume, nilisema. Kalume hana safari ya Mbarara. Kalume ana haki ya kujua nani aliyemwuza.

Nilimkuta anapakia makaa kwenye magunia. Nilimwambia yote: Kigoma, Makenke, chumba cha maombi. Alisikiliza hadi mwisho, mikono nyeusi mpaka viwiko. Nilingoja akasirike.

Akaniuliza, "Na ile ya mama kuniita kwa jina? Aliisikia wapi?"

"Ameibuni, Kalume. Kila mama humwita mwanawe."

"Aliniita kweli."

Akafunga gunia, akaketi juu yake.

"Mama Mariette, ile siku nilikukasirikia sana. Lakini nilienda nyumbani, nililala mpaka jua. Na kesho yake vilevile. Sababu Mungu alisema mama amefika, hana neno na miye. Sasa unaniambia haikukuwa Mungu. Ilikuwa muntu na masikio yake." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Kama alibuni ile ya kuita, basi na ile ya kusamehe alibuni. Unataka nirudilie kule?"

Nikasema, "Nilitaka ujue kweli."

"Sijakuya kwako kuuliza kweli. Acha nilale."

Alinichagulia makaa mazuri, makubwa, akanijazia mfuko. Sikuweza kukataa.


Alhamisi, 10 Julai

Naandika nyuma ya kanisa, nimekalia beseni lililopinduliwa. Kaye, daftari hili, huwa naibeba pamoja na Biblia. Nimeomba ruhusa kutoka kidogo. Wananingoja ndani.

Ni mama mgeni. Amefika na vita vya mwaka huu, kutoka upande wa Uvira. Bado kijana, ana watoto watatu, wa mwisho mgongoni. Hajui neno la Kirundi. Alisikia ushuhuda wa Jumapili. Mumewe walipotezana njiani, watu wengine wanasema amefika Burundi, wengine wanasema walimwona ameanguka. Shemeji yake yuko hapa Nakivale, anataka kumrithi, amchukue yeye na watoto. Shemeji ni mtu mzuri, anasema. Lakini kama mume yuko hai?

"Muulize Pasta," akaniambia. "Mungu amuonyeshe tu. Yuko hai ao amekufa? Nikijua, nitatulia."

Nikageuka kwa Pasta nitafsiri. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, sote wawili tunajua hakuna haja. Nilitafsiri kila kitu, taratibu, na yeye akasikiliza kila kitu, taratibu.

Alifunga macho. Nikangoja sentensi yake.

Haikuja. Alifungua macho, akanitazama, akasema kwa Kirundi neno moja tu: sema.

Nikafikiri nimesikia vibaya. Akainamisha kichwa, akaanza kuchezea mkanda wa saa. Yule mama akamwacha Pasta, akageuza macho yote kwangu.

Habari ya Mbarara niliijua. Taya lile mtu yeyote angelijua. Hili silijui. Hakuna anayelijua hapa, si Pasta, si mimi, si shemeji. Ningeingia niseme hivyo: mama, hatujui. Maneno mawili, ni mepesi. Atarudi kwenye hema lake na watoto watatu na asilale, kama Kalume alivyokuwa.

Nimekaa hapa nikingoja hofu. Hofu ipo, lakini haiko peke yake. Jibu limekwisha kuja. Liko zima, lina hata sauti yake, na linaanza na "Mungu anasema". Sikulitafuta. Sijui limetoka wapi.

Ndani namsikia Pasta anamwambia kitu kwa Kirundi, polepole, na mama anaitika ndiyo, ndiyo, bila kuelewa.

Sasa mama ameinua shitingi, ananichungulia, mtoto mgongoni amelala.

"Mama," ananiuliza, "Mungu amemaliza kukuambia?"